"I7 ni i7"? Hapana, ndugu, tuulize namba nzima

Siku hizi mutoto akiingia universite, kitu cha kwanza anaomba ni ordinatere. Baba anakamata feza ya mwisho wa mwaka, mama anaongeza ile ya soko, na wote wanashuka mu mji. Ku magazini wanaulizwa paka neno moja: "Munataka i3, i5 ao i7?" Na siye, juu tunapenda mutoto apate kitu cha nguvu, tunajibu i7.

Jirani yetu mumoja, mufanyakazi wa chini ya ardhi, alifanya vile kwa binti yake anayesomea kazi ya migodi. Akalipa laptopu ya i7. Kisha miezi mbili, binti akafungua programu ya kuchora galeri: mashini ikapata moto, vantilatere ikaanza kulia, kazi ikaenda polepole sawa kinyonga. Baba akarudi kuuliza. Wakamujibu: "Baba, i7 ni i7."

Siye tunasema hapana. Ile jina inaonyesha paka cheo ndani ya jamaa yake, na jamaa ya laptopu si ile ya mezani. Tukamate mufano wa prosesere za Intel za kizazi cha 7, zilizotoka mwaka 2016 na 2017. Core i7-7500U ya laptopu iko na mioyo 2, na imepangwa kwa wati 15. Core i7-7700 ya mezani iko na mioyo 4, na wati 65. Jina ni moja, nguvu ni mbali.

Tena kuna ya kushangaza zaidi. Core i3-7100 ya mezani, ile yenye tunaita ya bei ndogo, nayo iko na mioyo 2, lakini mwendo wake ni gigahezi 3,9. Ile i7-7500U mwendo wake wa kawaida ni 2,7, na ikijikaza inafika 3,5. Mu kazi ndefu, "mudogo" wa mezani anaacha "mukubwa" wa laptopu nyuma.

Juu ya nini? Wafanyakazi wa chini watafahamu mbio. Umeme wote wenye prosesere inakula unageuka moto, na ule moto lazima utoke. Ordinatere ya mezani iko na nafasi, vantilatere kubwa, na kipande kizito cha aluminiyumu ao shaba cha kutoa moto. Mu laptopu kila kitu kimekazwa mu unene wa vidole viwili. Moto ukipita kiasi, prosesere inapunguza mwendo yenyewe, kusudi isiungue. Ni sawa timu mbili zenye nguvu moja, ingine inafanya kazi inje, ingine mu galeri yenye hewa kidogo. Tunajua ni gani itachoka mbele.

Lakini tuseme kweli yote: ile wati 15 si wizi. Inafanya batri idumu, ile batri yenye kuwa na kobalti yenye siye tunatoa mu udongo. Na mu manyumba yetu umeme unakatika bila kupiga hodi. Ya mezani inazimika pale pale na kazi yenye mutoto hakuweka inapotea, laptopu inaendelea. Kwa mutoto anayesoma sheria ao lugha, anayeandika na kusoma tu, wati 15 zinatosha kabisa. Kumulipia zaidi ni kutupa feza.

Shida iko pale kazi ni nzito: kuchora plani za mugodi, kuhesabu mawe yenye kubakia chini, kutengeneza video. Kama nyumbani umeme unakaa, ao muko na jenereta, ya mezani njo inafaa, hata ikiwa i5: Core i5-7400 iko na mioyo 4. Kama lazima iwe laptopu, angalieni herufi ya mwisho. U ni ya kulinda batri. H ao HQ ni ya nguvu, kwa kawaida wati 45. Itakula batri mbio, lakini itafanya kazi.

Angalieni tena kizazi. Core i5-8250U, ya kizazi cha 8, iko na mioyo 4 ku wati zile zile 15, na inashinda i7-7500U. Zaidi ya ile, Windows 11 kwa Intel inakubali rasmi kuanzia kizazi cha 8, na kidogo sana za mbele yake.

Kwa hiyo tunaomba wauzaji waandike namba nzima ku karatasi ya bei, si "i7" peke. Tunaomba pia masomo yenye kuwa na chumba cha ordinatere, kwenye mashini hazitoki, wachague za mezani: mule laptopu ni nguvu ya kupoteza.

Na siye wazazi, mbele ya kutoa feza, tuulize namba nzima, herufi, na kizazi. Mifuko mbili ya mawe inaweza kufanana kabisa, lakini hakuna muchimbaji mwenye kuuza bila kuuliza teneri. Ordinatere nayo iko na teneri yake. Tusilipe mufuko kwa rangi yake.