Jaribio Lituelekeze, Lisituhukumu



Kila mwaka ndugu zetu wa darasa la nane wanafika penye njia panda. Wanaacha masomo ya wote, wanaingia humanite kwa miaka 4, ndani ya seksio moja: Pedagojia, Biashara, Ushonaji au nyingine. Aliyeingia mlango usio wake, akitaka kurudi anapoteza mwaka na minervali ya wazazi.

Sasa wanachagua namna gani? Sisi wafinalisti tunasikia majibu yao uwanjani. “Papa ndiye alisema.” “Ile ni seksio ya benye akili.” “Rafiki yangu iko kule.” Wengine hawana la kuchagua, maana shule ya karibu na kwao ina seksio mbili tu. Katika majibu hayo hatusikii hata moja linaloanza na mtoto mwenyewe: anaweza nini, anapenda nini?

Nchi yetu ililiona shauri hili. Ndiyo sababu kuna TENASOSP, jaribio la taifa la kuwachagua na kuwaelekeza wanafunzi katika masomo na kazi. Lakini wengi wetu tunalichukua kama mtihani mwingine: kupita au kuanguka. Matokeo yakifika, watu wanatazama pointi, kisha kila mtu anarudia neno la Papa. Kwa maoni yetu hiyo ni hasara.

Mwaka 1908 Frank Parsons alifungua katika mji wa Boston, Marekani, ofisi ya kuwasaidia vijana kuchagua kazi. Kitabu chake kilitoka 1909, yeye amekwisha kufa. Shauri lake lina sehemu tatu: ujijue mwenyewe, uzijue kazi, halafu uyapime hayo mawili pamoja. Jaribio linasaidia sehemu ya kwanza, tena si yote. Tunasoma kwa Kifaransa. Mtoto mzito wa Kifaransa anaweza kuonekana mzito wa akili, kumbe siyo. Fundi anayechonga chukudu hapa Goma anapima mzigo, breki na mteremko, na hakuna aliyemuuliza swali la Fizikia.

Wako watakaosema: “Kazi zenyewe ziko wapi? Mchagua jembe si mkulima.” Ni kweli kazi ni haba, na vita imefunga milango mingi. Lakini kazi zikiwa haba, asiyejua kazi yake vizuri ndiye anaachwa wa kwanza. Nyiragongo ilipobomoa nyumba Januari 2002, na tena Mei 2021, walitakiwa waashi, mafundi wa maji na umeme, wauguzi, na wachunguzi wa volkano. Watu hao hawakutoka seksio moja.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, kabla ya jaribio, walimu wawaeleze watoto kwamba si la kumwaibisha mtu. Pili, matokeo yakifika, mwalimu wa darasa akae na mtoto pamoja na mzazi, waweke mezani jaribio, pointi za miaka miwili, na maneno ya mtoto mwenyewe. Tatu, Jumamosi moja tuwaalike muuguzi, fundi umeme, mshonaji, mkulima na mwalimu, watuambie wanaamka saa ngapi, wanapata nini, na walisoma wapi. Kupanga viti na kupokea wageni tutafanya sisi.

Na ninyi wadogo zetu: karatasi ikikuambia jambo la kukushangaza, usiitupe, wala usiiabudu. Uende nayo kwa mwalimu, uende nayo kwa Papa na Mama, mzungumze kwa heshima. Sisi pia tuko hapa kila mapumziko. Mje mtuulize seksio zetu zikoje, tutawaambia utamu wake na uchungu wake.

Kwa niaba ya wafinalisti,
Mkubwa wa wanafunzi