Nani Atawafundisha Watoto Wetu Kuchora?



Baba mmoja wa kampi, mtu wa mgodi tangu ujana wake, alitujia na hasira. Mtoto wake amemaliza masomo ya kwanza, na badala ya kuomba masomo ya umeme au ya ukarani, anasema anataka kujifunza sanaa. "Nimeshuka shimoni miaka ishirini," akatuambia, "ili mtoto wangu ashike makaa na kuchora ndege? Ndege analiwa. Picha hailiwi."

Hatukumcheka. Mtu anayehesabu mshahara wake kabla haujafika ana haki ya kuuliza mtoto atakula nini. Lakini hatukukubaliana naye, na sababu zetu tunaziandika hapa, maana hasira yake ni hasira ya wazazi wengi.

Kwanza tulimuuliza yeye swali. Huu mukuba unaoutoa kila siku, nani alianza kuutoa? Wakati wa ukoloni watoto walisomeshwa kama vile shaba ya Katanga ilizaliwa pamoja na Union Minière mwaka 1906, na kama vile moto wa kwanza uliwashwa Lubumbashi mwaka 1911. Lakini katika miaka ya 1957 na 1958 watu wa elimu walichimba makaburi ya zamani huko Sanga, kando ya ziwa Kisale. Walikuta nini? Walikuta vyungu vizuri vilivyofinyangwa kwa ustadi mkubwa, na misalaba midogo ya shaba iliyowekwa pamoja na wafu. Wafu hao walizikwa miaka mia nyingi kabla mzungu yeyote hajakanyaga nchi hii.

Msalaba ule haukuwa wa padri. Ulikuwa feza. Wazee wetu walichimba jiwe la kijani, wakalichoma kwa makaa ya miti katika tanuru la udongo wa kichuguu, wakamimina shaba iliyoyeyuka katika umbo lililochorwa mchangani. Mikono minne, yote sawa. Fikirini, ndugu, kabla ya kumimina ilibidi mtu mmoja akae chini na kuamua: umbo gani linashikika vizuri mkononi, linahesabika, linabebwa na mpagazi, na mtu wa mbali akiliona anajua limetoka kwetu? Huko ndiko kubuni. Huyo mtoto wa kampi hakutafuta kazi ya kigeni. Anaomba nusu ya pili ya kazi ya baba yake, ile nusu tuliyonyang'anywa. Kampani ilituachia kuchimba, lakini kuamua shaba iwe umbo gani kulifanywa mbali, na watu wengine.

Basi mtoto aende shule ya sanaa. Hapo ndipo taabu ya pili inapoanza.

Mmoja wetu alipita katika shule kama hiyo. Jina lake hatulitaji. Siku ya kwanza mwalimu aliweka juu ya meza kichwa cheupe cha plasta, mungu wa Wagriki, akasema: choreni. Wakachora kichwa hicho wiki baada ya wiki, pua iliyonyooka, nywele za mawimbi. Siku moja ndugu yetu alichora pembeni mwa karatasi uso wa bibi yake, na chale zake za mashavuni kama alivyozijua tangu utoto. Mwalimu alitazama, akasema: "Hiyo si sanaa, hiyo ni kitu cha museo." Ndugu yetu alinyamaza. Alikuwa amejifunza jambo siku ile, ila halikuwa jambo la kuchora.

Sisi hatusemi kwamba kichwa cha Mgriki ni kibaya. Kilichongwa na fundi hodari, na mkono unaojifunza hujifunza kwa kila kitu kizuri. Tunasema tu kwamba mtoto akikaa mbele ya uso mmoja peke yake mwaka mzima, ataanza kuamini kwamba huo ndio uso wa mtu, na kwamba wa bibi yake ni wa kosa.

Kuna watakaosema: lakini mbona wako wazungu waliofanya kinyume? Ndiyo, wako, na tuwaseme kwa haki. Mwaka 1946 Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, alifungua mahali pa kuchora mjini Elisabethville, mji ambao tangu 1966 unaitwa Lubumbashi. Watu walipaita Hangar. Huyu hakuleta vichwa vya plasta. Aliwaambia watu wake: msiige picha za Bulaya, choreni yaliyo ndani yenu. Pilipili Mulongoy akachora samaki na ndege na nyoka, majani yote yakipangwa kama yamefumwa. Bela alichora kwa ncha za vidole vyake, alama kwa alama. Mwenze Kibwanga, mtoto wa mfuma nguo, akajaza karatasi kwa mistari mifupi mifupi kama nyuzi. Ni kazi nzuri, na ni nzuri hata leo. Zilipoonyeshwa Paris mwaka 2015 watu walisimama foleni kuzitazama. Tunawaheshimu watu hao watatu, na wenzao pia.

Lakini tuseme neno moja ambalo halisemwi sana. Kukatazwa nako ni kufundishwa. Pilipili mwaka ule alikuwa mtu mzima wa miaka zaidi ya thelathini. Yeye na wenzake walikaa katika mji wa treni, wa bomba la moshi, wa kampi zenye nyumba zilizopangwa kama masanduku. Miaka mitano tu kabla ya Hangar kufunguliwa, tarehe 9 Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière waliogoma kwa ajili ya mshahara walipigwa risasi na askari katika uwanja wa mpira wa mji huohuo. Damu ile kila mtu mweusi wa Elisabethville aliijua. Je, haikuwa ndani yao? Tafuteni bomba la moshi katika picha za Hangar, tafuteni kapita, tafuteni mjane. Mtaona swala. Mnunuzi alikuwa mzungu, na mzungu alipenda swala, kwa sababu swala haombi mshahara.

Hatuwalaumu wachoraji. Mtu hula palipo na meza. Lakini tunakataa kuambiwa kwamba hiyo peke yake ndiyo roho ya kweli ya Mwafrika. Mwalimu wa kwanza alisema: uwe Mgriki. Wa pili akasema: kaa msituni. Wote wawili walikuwa wamekwisha kujua sisi ni nani kabla hatujafungua kinywa.

Na wa tatu alikuja akiwa mweusi kama sisi. Mwaka 1971 nchi ilipewa jina Zaire, na mwaka 1972 tukaamriwa kuacha majina yetu ya ubatizo. Uasilia ukawa sheria ya serikali. Kulikuwa na jambo jema ndani yake, hatukatai, maana wengi walianza kuona aibu ya kuona aibu. Ila uasilia unaotoka ofisini na kutunzwa na polisi ni kichwa cha plasta kilichopakwa rangi nyeusi. Mtoto anaambiwa tena: chora hiki, usichore kile.

Sasa tuingie nyumbani kwenu wenyewe, ndugu wa mgodi. Katika miaka ya 1960 na 1970, ukifungua mlango wa mfanyakazi wa Lubumbashi, wa Likasi au wa Kolwezi, uliona nini ukutani katika chumba cha wageni? Uliona Mamba Muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki, na nyoka wake. Uliona Simba wa Bulaya. Uliona picha ya Koloni, mfungwa amelala chini na askari ameinua fimbo, mzungu akitazama. Picha hizo hazikuchorwa kwa ajili ya watalii. Zilichorwa juu ya magunia ya unga, na mchoraji alizibeba mwenyewe mlango kwa mlango. Aliyenunua ni mtu wa posho, kwa feza yake, kwa sababu alitaka mgeni akiketi aulize, na yeye apate kueleza.

Mmoja wa wachoraji hao alikuwa Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa Elisabethville mwaka 1947. Hakukaa katika Hangar wala mbele ya plasta. Katika miaka ya 1973 na 1974 alichora historia yote ya nchi kwa picha kama mia moja, toka wafalme wa zamani mpaka siku zake, na maneno ameandika juu yake. Yeye ndiye aliyechora risasi za 1941. Mambo ambayo shule haikuyaona katika miaka mingi, yaliwekwa juu ya gunia na mtu asiye na diploma ya sanaa. Na leo picha hizo ziko wapi? Ziko Amsterdam. Mtoto wa Kenya au wa Katuba akitaka kuzitazama aombe viza.

Hapo tumegusa kidonda. Tunamwambia mwanafunzi: jifunze sanaa ya wazee wako. Ajifunze kwa kutazama nini? Waluba walikuwa na lukasa, ubao mdogo wa kushika mkono wa kushoto, umejazwa ushanga na alama zilizochongwa. Mtu wa chama cha Mbudye alipitisha kidole cha mkono wa kuume juu ya ushanga, akasimulia safari ya Mbidi Kiluwe na ya Kalala Ilunga, mipaka ya nchi, mpango wa ua wa mfalme. Ushanga mkubwa ni mtu, mstari ni njia. Ni kitabu, ni ramani, tena ni kazi ya mikono ya kupendeza. Nani ataendelea kusema kwamba sisi hatukuwa na maandishi, ikiwa mwalimu ataweka lukasa moja tu juu ya meza ile ya plasta?

Au kiti cha Buli. Huko kaskazini mwa Katanga aliishi fundi aliyechonga viti vya wafalme, mwanamke amebeba kiti kwa vidole vyake, uso mrefu, mashavu yamebonyea, mtu mzima mwenye mawazo. Kimoja kiko New York, kingine London. Kwa muda mrefu wataalamu walimwita "Bwana wa Buli", kwa jina la kijiji, kwa maana waliochukua viti hawakuuliza jina la mchongaji. Kiti kilipata namba, fundi akapotea.

Kule Tervuren, karibu na Bruxelles, mwaka 1897 mfalme Leopold wa Pili alileta Wakongo 267 waonyeshwe kama wanyama wa bustani. Saba walikufa, na makaburi yao yako palepale. Museo ikafunguliwa mwaka 1910. Mwezi wa Februari 2022 Wabelgiji walikabidhi kwa Waziri Mkuu wetu orodha ya vitu vya Kongo walivyo navyo, vitu kama 84,000. Mwezi wa Juni mwaka huohuo mfalme wao alileta Kinshasa kinyago kimoja, Kakuungu wa Wasuku. Akakitoa kwa mkopo! Mwenye mali anakopeshwa mali yake, na tunaombwa kupiga makofi.

Tuwe wakweli hata kwetu. Kati ya 1976 na 1982 vilirudishwa vitu 114, na baadaye baadhi viliibwa na kuonekana tena sokoni Bulaya. Sanamu nyingine zilichomwa vijijini na Wakongo wenyewe, kwa neno la padri au la nabii. Mlinzi asiyelipwa miezi sita hulinda nini? Wale wanaotumia aibu hii ili vitu visirudi kamwe, tunawajibu kwamba nyumba yenye mlango mbovu hutengenezewa mlango, haigeuki kuwa mali ya jirani.

Ndiyo maana tunadai. Vitu virudi, na visikwame Kinshasa. Vifike Lubumbashi, Kolwezi, Kalemie, Kamina, ambako vilitoka. Shule ya sanaa iwalipe wafinyanzi na wachongaji wa vijiji kama walimu, bila kuwauliza diploma. Mwanafunzi ashushwe mgodini siku moja achore anachokiona, apelekwe kwa mama anayeuza vitenge amwulize kwa nini wanunuzi walikipa kitambaa kile jina lile. Vitambaa vilitoka Uholanzi, majina yakatoka kwa mama zetu, na mwenye kuita kitu jina amekwisha kukishika nusu. Halafu achore Mgriki pia, akipenda. Wala asiulizwe kila mara kama picha yake ni ya Kiafrika ya kutosha. Mchoraji wa Bulaya hakuna anayemuuliza kama ni Mbelgiji wa kutosha.

Na ninyi wazazi, nunueni. Hatusemi kila mwezi. Mwaka mmoja, picha moja, ya mtoto wa mtaa wenu. Mchoraji anayenunuliwa na mgeni tu atachora swala mpaka kufa.

Yule baba aliondoka kwetu bila kusema kwamba tumemshinda. Juma lililofuata akarudi, ameshika kitu kilichofungwa katika gazeti kuukuu. Ulikuwa msalaba wa shaba, mzito, umebaki katika jamaa yake toka kwa babu wa baba yake, na siku nyingi ulikuwa unazuia mlango usifungwe na upepo. Aliuliza kama mwalimu wa kuchora anaweza kuuweka mezani, watoto wautazame, kisha arudishiwe. Tumemwonyesha njia ya kwenda shuleni. Mwalimu atakavyojibu, tutaandika.