Mwalimu Mgeni na Jembe la Siku ya Tatu

Mwalimu wa kujitolea atokaye ng'ambo hafiki shuleni na chaki peke yake. Hufika na sanduku, chandarua, dawa za kuzuia malaria na mazoea ya kwao, na katika hivyo vyote mazoea ndiyo mzigo mzito zaidi. Familia za askari zinaujua mzigo huo. Kila amri ya uhamisho inapotoka, mama na watoto hufungasha vyombo, wakaenda kuishi kati ya watu ambao salamu yao, chakula chao na bei za soko lao ni mambo ya kujifunza upya. Tofauti ni kwamba askari hutumwa na serikali yake, ilhali mwalimu huyu ameomba mwenyewe kutumwa, katika nchi isiyo yake, kwa muda ambao mwisho wake unajulikana tangu siku ya kwanza. Mwisho huo ndio unaompasa kuufikiria kila mzazi ambaye mtoto wake anafundishwa na mgeni.

WALIVYOANZA KUJA

Desturi ya kuwatuma vijana kwenda kufundisha nchi za mbali bila mshahara wa kawaida ilipata nguvu miaka michache kabla ya uhuru wa nchi za Afrika Mashariki. Huko Uingereza, Alec Dickson na mkewe Mora walianzisha mpango wa VSO mwaka 1958. Tarehe 1 Machi 1961, Rais John Kennedy wa Marekani alitia sahihi amri ya kuunda Peace Corps, na tarehe 30 Agosti mwaka huo huo vijana wapatao 50 walitua Accra, tayari kufundisha katika shule za sekondari za Ghana. Waliposhuka katika ndege waliwaimbia wenyeji wao kwa lugha ya Kitwi. Wajapani walianzisha mpango wao mwaka 1965, na kundi la kwanza likaenda Laos. Nao Wanigeria, ambao zamani walikuwa wapokeaji tu, walianzisha Technical Aid Corps mwaka 1987, wakawa wanawatuma wataalamu wao, walimu wakiwamo, katika nchi nyingine za Afrika, za Karibi na za Pasifiki. Kwa hiyo mwalimu wa kujitolea si lazima awe mzungu.

Uganda iliwapokea Peace Corps mwaka 1964. Waliondoka mwaka 1972, wakati wa utawala wa Idi Amin, wakarudi mwaka 1991, wakaondoka tena mwaka 1999, wakarudi mwaka 2001. Kila mara walipoondoka, yako madarasa yaliyobaki bila mwalimu.

Yafaa pia kukumbuka kwamba shirika hilo lilipewa malengo matatu: kuzisaidia nchi zinazohitaji watu wenye ujuzi, kuwawezesha wenyeji kuwaelewa Wamarekani, na kuwawezesha Wamarekani kuwaelewa watu wa nchi nyingine. Malengo mawili kati ya hayo matatu yahusu kuelewana, na kuelewana hakufundishwi ubaoni.

MAJI, MOTO NA SALAMU

Kwa kawaida muda wa mwalimu wa Peace Corps ni miezi 27. Miezi kama mitatu ya mwanzo ni ya mafunzo, na katika muda huo huwekwa katika nyumba ya wenyeji. Hivyo mwalimu wake wa kwanza huwa ni mama wa nyumba. Mtu mwenye shahada ya chuo kikuu hufundishwa kuwasha sigiri bila kumaliza kibiriti kizima, kufua kwa mkono, kuchemsha maji ya kunywa, na kupaka mafuta mikononi kabla ya kumenya matoke ili utomvu usimng'ang'anie akatembea na vidole vyeusi siku tatu. Hufundishwa pia kwamba dumu la lita 20 lina uzito wa kilo 20, na kwamba mtoto wa darasa la nne aliyechelewa shuleni asubuhi huenda ametoka kulibeba dumu kama hilo kutoka kisimani. Mwalimu aliyelibeba mwenyewe hata mara moja huwa mwepesi wa kuuliza kabla ya kukemea.

Katika salamu nako kuna shule. Mgeni hushangaa anapopita njiani na mtu asiyemjua akamshukuru kwa kazi, kwa neno la Kiganda "gyebale ko". Hujiuliza ni kazi gani hiyo anayoshukuriwa, naye yuaenda tu kununua chumvi. Akikaa wiki mbili bila kuonekana dukani, mwenye duka humwambia, "Umepotea!" Mgeni hueleza kwa bidii kwamba njia anaijua vizuri. Humchukua muda kufahamu kwamba mwenye duka hakusema habari za njia: amemwambia kwamba pengo lake limeonekana.

Kisha, aliyejifunza Kiganda akipelekwa Gulu huanza tena na "apwoyo" ya Waacholi, kama mke wa askari aliyehamishwa kutoka kambi moja hadi nyingine. Pengine mke wa askari ana nafuu, kwa kuwa kambini atakikuta Kiswahili.

Hata sura ya mwalimu humletea somo. Watoto humwita "mzungu" toka mlangoni mwake hadi sokoni, na baada ya miezi sita jina hilo humchosha hata mwenye moyo mkunjufu. Mmarekani mweusi huchukuliwa kuwa mwenyeji, akasemeshwa haraka haraka, halafu akadhaniwa ana maringo kwa kuwa hajibu. Mmarekani mwenye asili ya Asia huitwa Mchina, hata kama babu yake alizaliwa California. Mzazi amfundishaye mtoto kusema "Shikamoo, mwalimu" badala ya kupiga kelele za "mzungu" huwa amemsaidia mgeni kuliko anavyodhani.

NDANI YA DARASA

Darasani taabu kubwa ni sikio. Tangu mwaka 2007, mtaala wa Uganda unaagiza watoto wa madarasa matatu ya mwanzo wafundishwe kwa lugha ya mahali pao, na darasa la nne liwe daraja la kuvukia Kiingereza. Mgeni humkuta mtoto akiwa katikati ya daraja hilo, na Kiingereza cha mgeni hutokea puani au hukimbia kama gari lisilo breki. Mtoto husikia mlio, maana asipate. Akiulizwa kama ameelewa, hujibu kwamba ameelewa, kwa kuwa kumwambia mkubwa "sikuelewa" huonekana kama kumlaumu. Na pengine hajibu kwa neno. Huinua nyusi tu. Nchini Uganda kila mtu ajua kwamba nyusi zikiinuliwa maana yake ni ndiyo. Mgeni asiyejua hurudia swali mara tatu, akakasirika kwamba anadharauliwa, na mtoto amemjibu mara zote tatu.

Mwalimu mwenye busara huacha kuuliza kama wameelewa. Humwita mtoto ubaoni afanye hesabu mbele ya wenzake, hapo akaona palipofungana. Hupunguza mwendo, na humwomba mwalimu mwenzake amsikilize na kumwambia ni maneno gani watoto hawayashiki.

Jambo lingine gumu ni fimbo. Sheria ya Watoto ya Uganda, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inakataza adhabu ya viboko shuleni, lakini kukataza ni jambo moja na kukoma ni jambo lingine. Mgeni anayeona mtoto akichapwa huumia moyo. Akisimama katika chumba cha walimu na kuwahutubia wakubwa zake kama watoto, hatasikilizwa tena mpaka siku ya kuondoka. Akinyamaza kabisa, mtoto hubaki peke yake. Walio hodari hupita njia ya tatu. Huzungumza faraghani na mwalimu mkuu, huku sheria ikiwa upande wao, na huonyesha katika darasa lao kwamba watoto 80 huweza kutulizwa kwa wimbo, kwa kupewa kazi za zamu, na kwa kuitwa kila mmoja kwa jina lake. Mara nyingi hugundua kwamba mbinu hizo wamejifunza kwa mwalimu mwenyeji aliyekuwapo miaka mingi na ambaye hajawahi kushika fimbo.

KADI YA POSTA YA IBADAN

Mgeni hutazamwa hata anapodhani yuko peke yake. Mnamo Oktoba 1961, kijana mmoja wa kike wa Peace Corps aliyekuwa katika mafunzo huko Ibadan, Nigeria, alimwandikia rafiki yake wa Marekani kadi ya posta, akimweleza hali duni ya maisha aliyoiona. Kadi hiyo ilidondoka kabla ya kufika posta. Wanafunzi wa chuo waliiokota, wakatoa nakala, wakafanya mkutano wa kupinga kuwapo kwa wageni hao. Habari ilifika magazetini hata ng'ambo, na kijana huyo akalazimika kurudi kwao.

Aliyoandika hayakuwa uongo wote, na huenda hakukusudia ubaya. Lakini mwenye nyumba hapendi kusikia habari za paa lake bovu kutoka kwa mgeni aliyelala chini ya paa hilo, tena zikisimuliwa kwa jirani. Leo kadi ya posta imekuwa simu ya mkononi, na picha ya mtoto mwenye nguo iliyochanika hufika dunia nzima kabla mama yake hajajua kwamba amepigwa picha. Mwalimu mgeni aombe ruhusa ya mzazi kwanza. Na mzazi asione haya kukataa.

SIKU YA KUONDOKA

Machi 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, Peace Corps iliwarudisha nyumbani wafanyakazi wake wote wa kujitolea kwa wakati mmoja, jambo ambalo halijapata kutokea tangu kuundwa kwake. Walikuwa zaidi ya 7,000, kutoka nchi zaidi ya 60. Wengi walipewa muda wa kufunga sanduku tu. Madaftari yakabaki mezani, na kwaheri nyingine hazikusemwa. Mwezi huo huo shule za Uganda zilifungwa, nazo hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022.

Msiba ule uliweka wazi jambo ambalo hutokea kila mwaka kwa utaratibu zaidi. Mwalimu wa kujitolea lazima aondoke. Kama amefundisha hisabati peke yake kwa miaka miwili, akiwa na vitabu vyake na mbinu zake, basi siku anapopanda basi hisabati hupanda naye. Mwanafunzi aliyekuwa na mwalimu katika kidato cha tatu hujikuta hana mwalimu katika kidato cha nne, mwaka wa mtihani. Wala hapo hakuna wa kulaumiwa, kwa kuwa mgeni alitimiza ahadi yake. Kilichokosekana ni mtu wa kupokea kijiti.

WAJIBU WA MWENYEJI

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la mwalimu wa kujitolea ni kufanya kazi bega kwa bega na mwenyeji. Kamati ya wazazi, iwe ya shule ya kijiji au ya shule iliyo karibu na kambi, ina haki ya kumwuliza mwalimu mkuu swali moja mapema: ni mwalimu gani mwenyeji anayefundisha pamoja na mgeni huyu? Kama hayupo, atafutwe katika muhula wa kwanza, asingojewe katika wa mwisho. Maandalio ya masomo, mitihani ya zamani na zana alizotengeneza mgeni viwekwe katika kabati la shule, visikae nyumbani kwake.

Kadhalika mgeni asifanywe benki ya kijiji. Fedha anayopewa ya kujikimu hukadiriwa aishi kama majirani zake, na anayemwendea kila wiki kwa karo, kwa nauli na kwa mkopo humfunza kufunga mlango. Yafaa zaidi kumwalika katika chakula cha jioni, hata kiwe posho na maharagwe, na kumkosoa kwa upole anapokosea, kwani mgeni asiyekosolewa huendelea kukosea kwa furaha. Polisi wa mahali wamjue kwa jina na wajue nyumba yake ilipo. Anayeishi peke yake ugenini hana ndugu wa kumpigia kelele usiku, na majirani ndio ndugu zake.

Mama wa kambini aliyewahi kuhamishwa mara nne ni mwalimu mzuri wa mambo hayo, maana anajua kwamba mahali huwa kwako siku unapoanza kuombwa msaada wa kazi na kuacha kuangaliwa tu. Mwalimu mgeni na apewe jembe hilo mapema, na aliye karibu naye ashike mpini pamoja naye, ili siku mmoja atakapouachia, shamba liendelee kulimwa.