Asiyekuwepo na Lake Halipo: Mikoko, Bahari na Mpango wa Taifa

Kijana mwenzangu wa Pwani, nikuulize swali moja kabla hujapita. Ule mpango wa kitaifa wa kuhifadhi viumbe hai na kutumia maliasili, ushawahi kuuona? Hata jalada lake tu?

Wengi wetu tukisikia maneno hayo tunadhani ni mambo ya kuhesabu ndovu na ndege. Sivyo. Ni kutokana na mipango kama hiyo ndiyo yanatoka maamuzi ya msitu gani ufungwe, bahari gani isivuliwe, nani apewe kibali na nani aitwe mhalifu. Ikiwa babako ni mvuvi, mamako anauza samaki, ama paa la nyumba yenu limebebwa na boriti, basi nyinyi mumo ndani ya mpango. Swali ni kama mliulizwa.

Kenya ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu bioanuwai mwaka 1994. Mkataba huo unataka kila nchi iwe na mpango wake, wa kuhifadhi na pia wa kutumia bila kumaliza. Shika hayo mawili, kwa sababu mara nyingi tunasomewa la kwanza tu. Desemba 2022, kule Montreal, mataifa yalikubaliana malengo mapya 23 na kila nchi ikatakiwa kuupanga upya mpango wake. Lengo la 3 linasema ifikapo 2030, asilimia 30 ya nchi kavu na asilimia 30 ya bahari duniani ziwe zimehifadhiwa.

Sasa piga hesabu. Hapa kwetu, mstari wa hiyo asilimia 30 utapita wapi? Hautapita katikati ya magorofa ya Nairobi. Utapita pale msitu na bahari bado viko hai: Lamu, Tana River, Kilifi, Kwale. Lamu peke yake ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Aliyebaki na mali asili ndiye atakayeambiwa asiguse.

Usinielewe vibaya. Mikoko lazima ilindwe. Ndipo samaki na kamba wanapokulia, na ndio ukuta wetu mawimbi yakija. Ikiisha, wa kwanza kulala njaa ni mvuvi, si waziri. Na tuambiane ukweli: wako wanaokata usiku bila kibali, na wengine ni jamaa zetu. Anayewatetea hao kwa jina la haki anatuuza sote.

Ubaya ni kupanga bila wenyewe. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii nchi nzima kwa siku 90, halafu ikaongeza muda. Kilio kilikuwa mito kukauka na misitu ya bara kufyekwa. Lakini mikoko ni msitu wa serikali tangu 1932, enzi za mkoloni, kwa hivyo amri iliyotokana na shida za milimani ikashuka mpaka kwenye maji ya chumvi. Mkataji wa Lamu mwenye kibali, anayejua kutofautisha fito, pau, mazio na boriti kwa macho tu, akatiwa kapu moja na wezi wa mbao. Na mpango wa kitaifa wa mikoko, wa 2017 hadi 2027, ulikuwa ushaandikwa! Mpango upo, amri inapita juu yake.

Tazama pia kesi mbili za Lamu, uone tofauti.

Ya kwanza ni ya bandari. Wananchi walienda kortini mwaka 2012. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikakubali kwamba haki zao za mazingira, habari na utamaduni zilivunjwa, na ikaamua wavuvi kama 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Ushindi mkubwa, hakuna ubishi. Lakini miaka sita ilikuwa imepita na bahari ishachimbwa. Pesa haioteshi matumbawe.

Ya pili ni ya mtambo wa makaa ya mawe. Juni 2019 Mahakama Maalum ya Mazingira ilifuta leseni yake, sababu kubwa ikiwa umma haukushirikishwa ipasavyo. Hapo mtambo ulikuwa haujajengwa. Kesi ya kwanza ilileta fidia, ya pili ilizuia madhara. Tofauti ni kuwahi.

Kwa hivyo, tufanye nini?

Kwanza, omba nakala. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kukujibu. Andika barua, baki na kopi yenye muhuri.

Pili, hudhuria na uandike. Kifungu cha 69 kinailazimu serikali kuhimiza umma ushiriki katika kusimamia na kuhifadhi mazingira. Lakini mkutano ukiitishwa Ijumaa saa saba mchana, nani wetu atakuja? Dai siku nyingine, dai Kiswahili, dai nakala kabla ya mkutano. Ukienda, usiishie kusaini karatasi na kunywa soda. Peleka maoni kwa maandishi, maana maneno ya mdomo hayaingii kwenye faili.

Tatu, chunga tarehe. Leseni ya mazingira ikitolewa, una siku 60 za kukata rufaa kwenye hiyo mahakama maalum. Kulalamika WhatsApp hakusimamishi saa.

Nne, ingia ndani. BMU ya wavuvi na CFA ya msitu ndizo zinazotambuliwa kisheria. Tukiwaachia wazee wachache, tusishangae wakisaini wasichosoma. Kule Gazi, Kwale, wanakijiji wanatunza mikoko tangu 2013 chini ya Mikoko Pamoja na kuuza hewa kaa, pesa zikienda kwenye maji na shule. Sheria ya 2023 inasema miradi ya hewa kaa kwenye ardhi itoe angalau asilimia 40 ya mapato kwa jamii. Akija mtu kwenu na mkataba wa hewa kaa, kijana anayejua nambari hiyo anafaa kuwa kwenye meza.

Wiki hii fanya jambo moja tu. Ulizia mwenyekiti wa BMU au CFA ya kwenu ni nani na mkutano ujao ni lini. Ukishapata jibu, liandike hapa chini pamoja na jina la kijiji chako, tujue wapi tuna watu na wapi kiti kiko wazi.