Desturi za Mwenyeji, Haki za Yaya

Katika vyuo vya Nairobi vinavyowaandaa wasichana kwenda kufanya kazi za nyumbani Saudi Arabia, somo huanzia kwenye vyombo: mashine ya kufulia, pasi, mashine ya kuvuta vumbi. Kisha huja Kiarabu cha jikoni, na baada yake desturi. Anayetoka Lamu hahitaji kuelezwa kwamba mwezi wa Ramadhani jiko halilali, tangu futari hadi daku. Anayetoka Machakos asipoambiwa mapema, akiamshwa saa tisa usiku atadhani anaonewa.

Faida ya kuambiwa mapema si ndogo. Mwaka 2014, baada ya malalamiko mengi ya mateso, Kenya ilisimamisha kupeleka wafanyakazi wa nyumbani Ghuba. Iliporuhusu tena mwaka 2017, mafunzo kabla ya safari yakawa miongoni mwa masharti.

Lakini liko swali jingine: mafunzo hayo yanamzoesha msichana nini?

Wapo wakufunzi wanaolimaliza somo la desturi kwa maneno matatu: nyenyekea, usijibu, vumilia. Hapo ndipo desturi na dhuluma zinapotiwa kapu moja. Kuvaa abaya, kutompa mkono mwanamume wa nyumba hiyo, kula baada ya wageni: hayo ni mambo ya ugenini, na mgeni hana budi kuyazoea. Lakini kumnyang'anya mfanyakazi pasipoti ni kosa kwa sheria za Saudi Arabia zenyewe. Kanuni za nchi hiyo za mwaka 2013 zilimpa mfanyakazi wa nyumbani siku moja ya mapumziko kila wiki na saa tisa za kupumzika kila siku. Msichana asiyeyajua hayo hunyimwa haki yake akidhani ndiyo mila ya Waarabu.

Ufilipino, iliyoanza semina za kabla ya safari katika miaka ya 1980, haikuishia darasani. Mwaka 2006 iliamua kwamba raia wake wasifanye kazi za nyumbani ng'ambo kwa chini ya dola 400 kwa mwezi, na balozi zake zina maafisa wa kazi wa kupokea mashtaka.

Wanaoidhinisha mitaala ya vyuo hivi waongeze kipindi cha sheria, kifundishwe kwa Kiswahili, na kila msichana aondoke na nakala ya mkataba wake aliyoisoma na kuielewa.