Mlima Huungua Oktoba, Sisi Huja Desemba

Ndugu zangu wa Machame, Kibosho, Marangu na Rombo, nanyi majirani wa Taveta na Loitokitok mnaoutazama mlima uleule kwa upande wa pili,

Nimechoka kusoma habari za barafu. Gazeti la nyumbani likiutaja Mlima Kilimanjaro, litasema barafu inaisha au watalii wameongezeka, kisha litafunga ukurasa. Agosti 2022 tulishangilia intaneti ya kasi kufika kambi ya Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Miezi miwili hivi baadaye, tarehe 21 Oktoba, moto ukawaka karibu na kambi ya Karanga, ukala vichaka siku nyingi, hadi wanajeshi wakapelekwa kuongeza nguvu. Miaka miwili kabla ya hapo, Oktoba 2020, ulianza mwingine upande wa Whona, na mamia ya watu wa kujitolea wakapanda kuuzima. Nawauliza kwa upendo na kwa hasira: tangu siku zile, ni mkutano gani wa kijiji, wa kanisa au wa ukoo umekaa kuzungumza habari za eneo lile lililoungua? Michango ya harusi mnaikalia vikao kumi. Mambo ya mlima hayana hata kimoja. Nasi tulio huku ughaibuni hatujauliza, kwa hiyo lawama hii naigawa nusu kwa nusu.

Shida huenda inaanzia kwenye jina. Msitu tunaujua, barafu tunaijua. Kilicho katikati tunakiita tu "kule juu", kana kwamba ni njia ya kupita. Ukanda huo unaanza kwenye mita 2,800 hivi, pale msitu mnene unapochoka, na unapanda hadi karibu mita 4,000. Mmea wake mkuu ni erika, wenye vijani vyembamba kama sindano, ambao chini kidogo huwa mti kamili na juu zaidi hujikunja kuwa kichaka. Kuna senesio kubwa inayobaki na majani yake makavu yakiwa koti la kukinga baridi. Kuna lobelia inayotunza maji katikati ya majani yake, maji yanayoganda usiku juu juu huku kichipukizi kikibaki salama chini, na chozi wa mlimani anakuja kufyonza maua yake. Kwenye uwanda wa Shira wamo pofu. Huo ni urithi ambao mahali pengi duniani hapana mfano wake, na mimea kadhaa iliyomo haioti nje ya milima yetu ya Afrika Mashariki. Sisi tumeuacha uwe picha ya nyuma ya mtalii anayehema.

Nani anatunywesha? Barafu ilipungua kwa asilimia 85 hivi kati ya mwaka 1912 na 2011, na sisemi msiililie. Lakini maji ya mifongo waliyochimba wazee wetu, ya mito inayolisha Kikuletwa na Ruvu hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, hata ya vinamasi vya Amboseli wanakokunywa tembo wa Kenya, chanzo chake kikubwa ni mvua na ukungu, si barafu. Wingu linaposukumwa na upepo kwenye mteremko, matawi ya erika na ndevu za kuvumwani zinazoning'inia humo huchana ukungu ule na kuufanya matone. Matone yanadondokea udongo mweusi unaofyonza kama sponji na kuyaachia polepole. Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani ambaye ameuchunguza mlima huu kwa miaka mingi, alichapisha mwaka 2005 hoja ambayo ingepaswa kubandikwa kwenye kila ofisi ya kata: kwamba moto umeushusha mpaka wa juu wa msitu kwa mamia ya mita, na kwamba maji ya ukungu tunayoyapoteza kwa kuungua kwa miti ile ni hasara kubwa kuliko kuyeyuka kwa barafu. Ukiungua mara moja, mti wa erika unaweza kuchipua tena ukiwa kichaka. Ukiungua mara kwa mara, panabaki manyasi, na manyasi hayachani ukungu. Hali ya hewa inayozidi kukauka inaongeza ukali wa moto, hilo ni kweli, na hakuna diwani wa Moshi awezaye kuiamuru. Kiberiti kinaamrika.

Naishi Sheffield, mji ulio chini ya nyanda za Peak District. Sehemu ya juu kabisa ya nyanda hizo, Kinder Scout, ina mita 636. Moshi mjini ni juu kuliko hapo. Kinder Scout ni uwanda wa baridi, wenye udongo mweusi wa mboji na mimea ya jamii moja na erika yetu, isiyofika kiunoni. Wanyama wake ni sungura wa mlimani wanaogeuka weupe majira ya baridi, na sululu, ndege yuleyule anayeonekana pwani yetu miezi ya kaskazi. Mtu wa Marangu angepita hapo bila kugeuza shingo. Moshi wa viwanda vya Manchester na Sheffield uliua kuvumwani iliyoushika udongo ule, mboji ikabaki uchi, mvua ikaibeba. Tangu mwaka 2003 kuna ubia wa kuirudisha: wanaziba makorongo kwa mawe na magogo, wanamwaga chokaa na mbegu, wanapandikiza kuvumwani shina kwa shina, na kampuni za maji zimo ndani ya ubia huo kwa sababu mabwawa yao yanajazwa na uwanda huohuo. Hilo lilinichoma, lakini lililonichoma zaidi ni kikundi chao cha moto. Tangu miaka ya 1990 wazima moto, askari wa hifadhi, wenye ardhi na walinzi wa ndege wa kuwindwa wanakaa meza moja, wana mpango mmoja na vifaa vya pamoja. Walinzi wale kazi yao ya jadi ni kuchoma vichaka kwa vipande ili ndege wapate machipukizi, na uchomaji huo unapigwa vita na wengi. Mwaka 2021 sheria iliubana kwenye mboji nene ya maeneo yaliyohifadhiwa. Hata hivyo moto ukitoroka, wao ndio huitwa, maana mikono yao inaujua. Kwetu mrina asali anayejua kila korongo la mlima tunamjua kwa jina moja tu, mhalifu.

Ndiyo maana nataka jambo moja, na mengine yote yangoje. Kila kijiji kinachopakana na hifadhi kiwe na kikosi cha moto cha kudumu, kinacholipwa mshahara, si posho ya siku ya balaa. Kiwe kazini miezi yote ya kiangazi: Julai hadi Oktoba, na tena Januari hadi Machi. Kipewe pampu za mgongoni, mapanga, majembe, redio za mawasiliano na viatu vya kweli, kwa sababu moto wa erika hauzimwi kwa matawi. Unaingia kwenye mizizi na mboji, unalala siku tatu, unaamka mahali pengine. Warina asali na wakata nyasi wawe wa kwanza kuandikishwa. Nacho kijiji chenye kikosi kirudishiwe haki ya kutumia ule ukanda wa nusu maili pembezoni mwa msitu kwa masharti yaliyoandikwa: nyasi za ng'ombe, kuni zilizoanguka, mizinga ya kisasa isiyohitaji mwenge. Ukanda wa nusu maili ulitengwa mwaka 1941 kwa matumizi ya wananchi, na mwaka 2005 hifadhi ilipopanuliwa ukamezwa, na mama aliyezoea kupanda na panga lake akawa mvamizi asubuhi moja. Mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, tunauwekea mimea ya masale, na jirani anauheshimu kwa sababu na yeye ana masale yake. Mpaka usiokupa chochote unaulindaje?

Mtaniambia wanaochoma ni haohao wanakijiji. Baadhi, ndiyo: moshi wa kufukuzia nyuki, majiko ya mkaa, mitego ya wawindaji. Wapagazi na wapandaji nao wana mafiga yao, tusiwasahau. Lakini fikirini mwenendo wa mtu aliyewasha moto mahali ambapo kuwepo kwake tu ni kosa. Moto ukimshinda, hapigi yowe. Anakimbia, na saa mbili za ukimya wake ndizo zinazoamua kama moto utazimwa na watu kumi au watu mia tano. Mrina mwenye kitambulisho na namba ya simu ya kiongozi wa kikosi atapiga simu, hata kama kosa ni lake, iwapo adhabu ya kukaa kimya ni kubwa kuliko ya kukiri. Na kijiji kizima kikijua kwamba moto usioripotiwa unafunga nusu maili yao mwaka mzima, ulinzi utaanzia sebuleni.

Mtasema pia kwamba nusu maili ilipokuwa mikononi mwa watu iliharibiwa. Sikatai. Uchunguzi wa kutoka angani wa mwaka 2001 ulikuta mikamfa imeangushwa na matanuri ya mkaa yametapakaa msituni. Ila ukanda ule ulikuwa umehamishwa mkono hadi mkono, mamlaka hii na ile, hata ukawa wa kila mtu na wa hakuna mtu. Hapakuwa na aliyelipwa kuulinda wala aliyepoteza kitu ulipokatwa. Ninachoomba ni haki yenye mkataba na mshahara, inayoweza kunyang'anywa. Na fedha? Mpandaji wa kigeni analipa hifadhi dola 70 kwa siku kabla ya kodi, na juu yake dola 20 za uokoaji kwa safari. Kama tunaweza kumtoza mgeni kwa ajili ya mguu wake ukiteguka, tunaweza kumtoza kidogo kwa ajili ya mlima wenyewe, na fedha hiyo iende moja kwa moja kwenye akaunti ya kikosi, bila kwanza kuzunguka ofisini. Mashamba ya miwa na mitambo ya umeme ya bonde la Pangani nayo yachangie. Maji wanayotumia wenye mashamba na mitambo hiyo yamechanwa kwenye ukungu huko juu. Wala utajiri peke yake si kinga: Juni 2018 uwanda wa Saddleworth, jirani na Manchester, uliwaka hadi Waingereza nao wakaita jeshi. Moto ukitangulia kufika, unashinda tajiri na maskini, kwa hiyo suala ni nani yuko karibu na ameandaliwa.

Pingamizi la mwisho linauma, na nyinyi mna haki nalo: aliyeondoka asituamrishe. Ni kweli hatupandi na pampu mgongoni. Tunapeleka fedha za vigae na madirisha ya aluminiamu, tunajenga kihambani nyumba zinazolala na kufuli miezi kumi na moja, halafu Desemba tunakuja kuhesabiwa. Kufikia hapo mvua za vuli zimeosha majivu, kilele cha Kibo kinang'aa, tunapiga picha, tunasema mlima wetu uko salama. Hatuioni Oktoba. Kutoiona kumetufanya watu wa kudai uzuri wa mlima bila kubeba moto wake, na sitajitetea kwa hilo. Lakini mfongo uleule ulionywesha migomba iliyotusomesha unashuka kutoka kwenye ukungu ule, kwa hiyo deni langu haliishi kwa kuwa nimehama.

Basi Desemba hii, kwenye mkutano wa ukoo, kabla mbege haijazunguka, naomba jambo hili liwe ajenda ya kwanza. Kila kijiji kilete majina ya watu kumi, na warina asali wawemo, pamoja na bei ya pampu, redio na viatu, na mishahara ya kiangazi kimoja. Sisi wa nje tutachanga gharama ya kiangazi cha kwanza, wakati nyinyi mnawabana wabunge wenu juu ya tozo na nusu maili. Kikosi kiwe mlimani tarehe 1 Julai.

Ndugu yenu,
Sheffield