Mikataba ya Uchukuzi Iandikwe kwa Kiswahili Pia

Wahenga walisema kuwa mdharau mwiba mguu huota tende. Mwiba nilioudharau mimi ulikuwa mstari mmoja wa maandishi madogo, uliochapwa kwa Kiingereza nyuma ya karatasi ya kukodi lori. Niliitia sahihi karatasi hiyo bila ya kuigeuza. Hii leo naandika si kwa minajili ya kulalamika, kwani sahihi ilikuwa yangu, bali kwa kuwa nasadiki kuwa kadhia iliyonipata huwapata Wakenya wengi kila siku, na dawa yake imo mikononi mwetu sisi tunaosomesha lugha.

Kisa chenyewe ni hiki. Mdogo wangu aliishi Uingereza kwa miaka kadhaa, na aliporejea nyumbani alikuja na gari lake la milango miwili, fupi kwa kimo, la kwenda kasi. Wanafunzi wangu wa tafsiri hupenda kuliita gari la namna hiyo "gari la michezo", kana kwamba ni kitu cha kuchezewa na watoto. Mimi nitaliita gari la mbio. Gari liliteremshwa melini Kilindini, wakala wa forodha akalikomboa, likabaki katika uwanja mmoja wa magari nje ya bandari. Mwenyewe alikuwa Eldoret, ndiyo kwanza ameanza kazi. Akanipigia simu kuniomba nimtafutie lori la kulibeba, maana gari halikuwa limepata nambari za usajili, na hata lingekuwa nazo, matuta ya barabarani yangelimaliza kabla halijafika Voi. Safari yenyewe ni ya kilomita zipatazo 800.

Nami nilikuwa Mombasa. Nilikuwa nimekwenda, ndugu msomaji usicheke, kuhudhuria kongamano la Kiswahili.

Pale uwanjani nilimkuta mzee mmoja dereva, mwenyeji wa Pwani, ambaye amebeba magari kwa miaka mingi. Alilizunguka gari la mdogo wangu, akainama, akapima kwa kiganja nafasi iliyopo baina ya tumbo la gari na ardhi, kisha akaniambia: "Mwalimu, gari hili li chini mno. Ukilipandisha kwa ngazi hizi fupi, mdomo utagonga kabla ya magurudumu kupanda. Lataka mbao ndefu, mteremko uwe wa polepole. Na mikanda ifungwe kwenye magurudumu. Wakifunga kwenye vyuma vya chini ya tumbo, lori likirukaruka njiani vyuma vile vitapinda."

Hakukoma hapo. Alinishauri nisiache mafuta mengi tangini, nizime king'ora cha wezi kisije kikamaliza betri, nitoe kila kitu kilichomo ndani, na nilipige gari picha pande zote, karani akiwapo, kabla halijapandishwa. Yote hayo aliyasema kwa Kiswahili safi, bila ya kutafuta neno hata moja. Nikamwuliza kama yeye ndiye atakayelibeba. "Hapana, mwalimu," akajibu. "Zamu yangu ni ya lori jingine. Wewe andika tu, wapakiaji wakute."

Karani akanipa karatasi. Ilikuwa na nafasi ya mistari mitatu ya maelezo maalumu ya mteja. Niliiacha tupu. Kwa nini? Nimejiuliza swali hilo mara nyingi. Ukweli ni kwamba mzee alisema nami kwa Kiswahili ilhali karatasi ilisema nami kwa Kiingereza. Mimi ninayewaambia wanafunzi kila mwaka kuwa hakuna lugha duni, niliona haya kuandika Kiswahili katika fomu ya Kiingereza, na sikuwa na subira ya kuyatafsiri maneno ya mzee, kwa kuwa kikao cha alasiri cha kongamano kilikuwa karibu kuanza. Nikatia sahihi, nikaenda zangu kusikiliza mihadhara juu ya ustawi wa Kiswahili.

Gari lilifika Eldoret siku ya tatu, bampa la mbele limepasuka na bamba linalokinga injini kwa chini limepinda, pale pale alipotabiri mzee. Wenye lori walipoulizwa walinisomea ule mstari wa nyuma ya karatasi. Maana yake, ukiuvua joho la kisheria, ni kwamba gari likiharibika njiani gharama ni ya mwenye gari.

Tukageukia bima. Gari lilinunuliwa bima ya baharini, naam, lakini ya kiwango cha chini kabisa. Hapa sharti nifafanue, maana ni jambo linalowapiga chenga wengi. Masharti ya bima ya shehena yanayotumiwa sana ulimwenguni, yaliyotungwa London mwaka 1982 na kurekebishwa mwaka 2009, yana ngazi tatu zinazotajwa kwa herufi A, B na C. Ngazi ya C, iliyo finyu kuliko zote, hulipa hasara za majanga makubwa kama vile moto, kuzama kwa meli, meli kugongana au kupanda mwamba. Mkwaruzo, bampa lililopasuka au kioo kilichoibwa havimo. Na yule anayeagiza bidhaa kwa bei inayojumuisha gharama, bima na nauli, kwa herufi zile tatu CIF, aghalabu huwa amenunuliwa ngazi hiyo hiyo ya C, labda yeye na muuzaji wapatane vingine. Mteja huliona neno "bima" akapumua, asijue kuwa neno ni moja ila maana zake ni tatu.

Msomaji atauliza, je, majanga hayo makubwa hutokea kweli? Hutokea. Tarehe 16 Februari 2022 meli iitwayo Felicity Ace, ikiwa safarini kutoka Ujerumani kuelekea Marekani na magari yapatayo 4,000, yakiwamo ya Porsche, Bentley na Lamborghini, ilishika moto karibu na visiwa vya Azores. Mabaharia wote 22 waliokolewa, lakini meli ilizama tarehe 1 Machi mwaka huo. Basi tazama kinaya kilichomo. Gari la mdogo wangu lingezama baharini, bima yake ingelipa. Kwa kuwa lilifika salama bandarini, likaja kuvunjwa mdomo nchi kavu kwa kukosa mbao mbili ndefu, hakulipwa hata senti moja.

"Kaka," mdogo wangu aliniambia, "wewe si ndiye daktari wa lugha?"

Sikuwa na jibu siku ile. Leo ninalo, nalo lina sehemu tatu.

Kwanza, karatasi ile haikuwa na haja ya kuwa ya Kiingereza pekee. Hati ya meli inayotoka Uingereza au Japani siipigii kelele, kwa kuwa inapita mikononi mwa watu wa mataifa mengi. Lakini safari ya Mombasa hadi Eldoret ni mapatano baina ya Mkenya na Mkenya. Karani, dereva, utingo, wapakiaji na mteja wote walikuwa wakizungumza Kiswahili siku ile. Kitu pekee uwanjani kisichojua Kiswahili kilikuwa mkataba. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inasema kuwa Kiswahili ni lugha ya taifa, na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata maelezo anayoyahitaji ili afaidike nazo kikamilifu. Maelezo yasiyoeleweka si maelezo. Mtu hawezi kusemekana amearifiwa eti kwa sababu amepewa karatasi.

Pili, wapo watakaodai kuwa Kiswahili hakina istilahi za shughuli kama hizi. Dai hilo ni la kushangaza kuliko yote. Kiswahili kilikuwa lugha ya shehena kabla ya lori la kwanza kuonekana katika nchi hii. Tazama maneno yenyewe. "Bandari" na "nahodha" yana asili ya Kiajemi. "Forodha" na "shehena" tuliyapata kwa Waarabu. "Nauli" nalo lilitufikia kwa Kiarabu, lakini Waarabu walilitoa kwa Wayunani. Neno hilo lilikuwa likitaja malipo ya jahazi karne nyingi kabla ya kutaja malipo ya matatu. Na Kilindini, ilikoteremshwa gari la mdogo wangu, ni jina linalotokana na kilindi, yaani mahali penye kina kirefu cha maji. Lugha iliyoipa bandari jina lake haiwezi kukosa maneno ya kuelezea mizigo inayopita hapo. Yule mzee hakukwama mahali popote. Waliokwama ni waandishi wa karatasi.

Tatu, na hapa nawageukia wenzangu wa vyuo vikuu, nasi tuna lawama. Tulitumia miaka mingi kubishana kama tuseme tarakilishi, ngamizi au kompyuta. Hayo si mabaya. Lakini ni wangapi kati yetu waliokwenda kuketi katika uwanja wa magari, katika bohari au gatini, wakaandika maneno ambayo makuli na madereva wanayatumia tayari? Tumekuwa kama mtu anayechimba kisima kando ya mto.

Natoa tahadhari moja. Kutafsiri neno kwa neno hakutatufaa. Mtu akitwaa ule mstari ulioniponza akaugeuza kuwa "gari litasafirishwa kwa hatari ya mwenyewe", atakuwa ametoka mtegoni akaingia shimoni. Hatari ni jambo linaloweza kutokea. Haisemi ni nani atakayelipa likitokea. Vile vile vitenzi vya kutendwa huficha mtenda. "Gari litafungwa vizuri." Litafungwa na nani? Kwa kitu gani? Vizuri kwa kipimo cha nani? Mkataba mwema hutaja mtenda. Mathalani:

"Wapakiaji wa kampuni watalipandisha gari kwa mbao zenye urefu wa kutosha ili mdomo wake usiguse. Watafunga mikanda kwenye magurudumu pekee. Karani na mteja watalikagua gari pamoja na kuandika kila alama waliyoiona, kabla ya kupakia na baada ya kuteremsha. Gari likiharibika kwa uzembe wa wapakiaji au dereva, kampuni italipa. Likiharibika kwa sababu nyingine, bima ya mteja ndiyo itakayotumika. Mteja asiye na bima atagharimia mwenyewe."

Sentensi sita tu. Mwanafunzi wa shule ya sekondari anazielewa, na sioni kilichopungua kwa mwanasheria. Wenye malori wasiogope. Mkataba unaoeleweka humlinda nao mwenye lori dhidi ya mteja mlaghai anayedai mkwaruzo uliokuwapo tangu ng'ambo.

Kuna watakaosema kuwa haya ni matatizo ya wenye magari ya anasa, kwamba maskini hana gari la mbio la kubebesha lori. Kweli hana. Lakini anabeba magunia ya viazi kutoka Kinangop, anatuma friji kwa mama yake Busia, anaweka sahihi ya mkopo, anakubali masharti ya simu. Karatasi ni zile zile, na mistari yake midogo ni ile ile. Ikiwa mimi niliyesoma hadi uzamifu nilinaswa, yule aliyeishia darasa la nane atanusurikaje?

Walimu wenzangu, nawaombeni jambo moja. Katika vipindi vya ufahamu na vya utungaji, pamoja na barua kwa rafiki na hotuba ya mkuu wa shule, leteni darasani karatasi halisi: stakabadhi, tikiti ya basi, fomu ya kutuma mzigo. Waacheni wanafunzi waigeuze nyuma. Waulizeni nani anamwahidi nani nini, na nani atalipa mambo yakiharibika. Kisha waiandike upya kwa Kiswahili, kila kitenzi na mtenda wake. Nanyi wanafunzi, mkikuta nafasi ya maelezo katika fomu yoyote, iandikeni kwa lugha mnayoimudu. Hakuna haya. Haya niliyoona mimi iligharimu bampa zima, na nusu ya bei yake ilitoka mfukoni mwangu.

Nilipopita tena Mombasa nilimtafuta yule mzee nikamweleza yaliyotokea. Hakunicheka. Alitikisa kichwa, akaniuliza swali moja tu: "Kwani hukuandika, mwalimu?"